Milima Yenye Mistari: Siku Moja ya Kutembea Petra



Tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia kwenda Umra pamoja na familia na kurudi nyumbani Bujumbura salama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Baada ya hayo, wazazi kadhaa wa madrasa wametuomba tuandike kuhusu safari ile. Habari za Makka na Madina wengi wenu mnazijua kuliko sisi, kwa hiyo tumeona tuandike kuhusu siku moja tu, tena siku ambayo haikuwemo katika mpango wa safari. Na kuna jambo ndani yake ambalo ni deni letu, tutalifikia.

Tulisafiri mwishoni mwa Rajabu 1445, yaani mwanzoni mwa Februari 2024. Kundi letu lilikuwa la watu kumi na wanne, wengi kutoka Buyenzi na wachache ndugu zetu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Sisi tulikuwa na mama watoto, kijana wetu wa miaka kumi na nne ambaye ndiyo kwanza amemaliza kuhifadhi juzuu kumi, na mama mkwe. Mpango wa awali ulikuwa tutoke Madina, twende Amman, kisha tuvuke kwenda Baitul Maqdis tukaswali Msikiti wa Al-Aqsa. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 vikaiondoa sehemu hiyo. Tiketi za Amman zilikuwa zimeshalipwa, hazirudishwi. Ndipo kiongozi wa msafara akasema: basi, siku mbili za Jordan tutaziona kwa njia nyingine, tutakwenda Petra.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa ameweka akiba miaka sita kwa ajili ya rakaa mbili ndani ya Al-Aqsa, na sasa anaambiwa atapelekwa kuona mawe.

Kutoka Amman mpaka Petra ni kama saa tatu kwa basi, kwa barabara ya jangwani inayoshuka kusini. Mji wa pale unaitwa Wadi Musa, Bonde la Musa. Unapoingia mjini kuna chemchemi iliyojengewa nyumba ndogo yenye kuba nyeupe, wenyeji wakisema ndipo Nabii Musa (A.S.) alipolipiga jiwe kwa fimbo. Sisi tulikunywa maji, tukasema Wallahu a'lam, tukaenda kulala.

Asubuhi saa moja tulikuwa langoni. Tiketi kwa mgeni anayelala nchini ni dinari 50 kwa siku moja, kama dola 70, na tunaitaja ili mzazi anayepanga safari asije kushtukizwa kama sisi. Baridi ilikuwa kali. Watu hudhani jangwa ni joto tu, lakini Petra iko juu, karibu mita 900 au zaidi kutoka usawa wa bahari, na Februari huko mtu anahitaji sweta na soksi. Mama mkwe alijifunga kanga mbili juu ya baibui, akashika bakora yake, akasema tutangulie, yeye atatufuata.

Njia yenyewe ni nyepesi. Hili tunalisema kwa sababu wengi wakisikia habari ya kutembea milimani huogopa kwenda na wazee. Njia kuu ina urefu wa kama kilomita 4 kwenda, na sehemu kubwa ni tambarare au inateremka taratibu. Kwanza unapita mahali pa wazi, kisha mlima mbele yako unakuwa kama umepasuliwa, na unaingia ndani ya ule ufa. Wanauita Siq. Una urefu wa kilomita 1 na mita 200 hivi, na mahali pengine upana wake ni karibu mita 3 tu, huku kuta za mawe zimepanda pande zote mbili makumi ya mita, mbingu inaonekana kama utepe. Hapo sauti za watu hushuka zenyewe. Hata vijana wetu waliokuwa wakipiga kelele kwenye basi walianza kunong'ona.

Pembeni mwa njia, kwa usawa wa kiuno, kuna mfereji uliochongwa ndani ya jiwe. Watu waliojenga mji huu waliitwa Anbat, au Wanabati, Waarabu wa biashara za ubani na misafara ya ngamia, na ufalme wao ulidumu mpaka Warumi walipouchukua mwaka 106. Waliyaleta maji mjini kwa mifereji na mabomba ya udongo wa kuchoma. Tena mwanzoni mwa ufa walijenga boma la kuyageuzia pembeni maji ya mafuriko. Boma hilo liliharibika baadaye, na Aprili 1963 maji yakaingia kwa ghafla, yakaua watalii wa Kifaransa zaidi ya ishirini humo ndani. Ndipo likajengwa upya. Kwa hiyo mwenye kwenda na watoto, aangalie mbingu na awasikilize walinzi. Wakisema tokeni, toka, usibaki kupiga picha.

Mwisho wa ufa, kwa mwanya mwembamba, inatokea Khazna. Hili neno ninyi mnalijua, ndilo hazina letu la Kiswahili. Ni jengo zima lililochongwa kwenye uso wa mlima, urefu wake karibu mita 40, lenye nguzo na chungu kikubwa cha jiwe kileleni. Watu wa zamani waliamini ndani ya chungu kile kuna dhahabu, wakakipiga risasi ili kipasuke. Alama za risasi zipo mpaka leo. Ni jiwe tupu mpaka ndani.

Hapo ndipo pakazuka mjadala. Mzee mmoja wetu wa Uvira alisimama, akavuta kilemba chake mpaka usoni, akaanza kutembea mbio mbio akisema, "Hawa ndio Thamudi! Hawa ndio waliochonga majumba milimani! Tupite upesi!" Alikuwa akikumbuka yaliyopokewa kuwa Mtume (S.A.W.), alipopita Hijr katika safari ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, alijifunika kichwa na kuharakisha mwendo, akawazuia Masahaba wasitumie maji ya visima vya pale, ila kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Salih (A.S.).

Wenzetu wakatugeukia sisi, kama ilivyo ada, maana ndiye mwalimu. Tulimwambia mzee kwa adabu kwamba Hijr ya Thamudi iko kaskazini ya Madina, na kutoka hapa Petra mpaka huko ni zaidi ya kilomita 400. Watu huchanganya kwa sababu Wanabati waliacha michongo yao sehemu zote mbili. Na hii Khazna, pamoja na milango mingi mnayoiona, haikuwa majumba bali ni makaburi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ustadhi, umesema kweli. Lakini makaburi ni makaburi." Akaendelea na mwendo wake wa haraka, kilemba usoni. Hatukuwa na la kumjibu, na tangu hapo kicheko cha kundi kilipungua.

Baada ya Khazna bonde linafunguka. Unapita uwanja wa michezo ya Kirumi, wenye ngazi za kukalia zilizochongwa kwenye jiwe, na mkono wa kulia, kwenye ukuta wa mlima, ipo safu ya makaburi makubwa ya wafalme. Moja wanaliita Kaburi la Hariri. Tulidhani ni jina la kuwavutia wageni. Tulipolikaribia tukaona sababu.

Ndugu wasomaji, hapa itabidi turudi nyuma kidogo, darasani.

Tangu mwaka 2007 tunafundisha katika madrasa yetu ya mabati pale Buyenzi. Katika Surat Fatir, aya ya 27, Allah (S.W.) anataja mvua na matunda ya rangi mbalimbali, kisha anataja milima: weupe, wekundu, rangi zinazotofautiana, na weusi uliokoza. Sisi tuliikuta aya hii kwa walimu wetu na tukaifundisha kama tulivyoikuta. Ubaoni tulichora milima mitatu. Wa kwanza kwa chaki nyeupe, wa pili kwa chaki nyekundu, wa tatu kwa kipande cha mkaa kutoka jikoni. Tunawaambia watoto: kuna milima myeupe, kuna milima myekundu, kuna milima myeusi, na yote kaumba Mola mmoja. Kisha tunakaririsha.

Sasa, mwaka 2009 tulikuwa na mwanafunzi wa kike wa miaka kama kumi, mtoto wa muuza samaki wa pale sokoni. Alikuwa mwepesi mno wa kuuliza. Siku hiyo aliinua mkono akasema, "Ustadhi, kwa nini isiwe mlima mmoja wenye rangi zote?" Tukamwambia hakuna mlima wa namna hiyo. Akasema, "Lakini ustadhi, 'judad' si ulisema ni wingi? Wingi wa nini?" Darasa likacheka. Tulikuwa vijana, hatujafika hata miaka thelathini, na tulichokisikia kwenye kicheko kile ni dharau. Tukamwambia ahifadhi kwanza, maswali baadaye. Alipofungua mdomo tena, tukamtoa nje asimame mpaka darasa liishe.

Hakuuliza tena. Alihifadhi vizuri, alimaliza madrasa, akaolewa. Lakini hakuuliza tena swali lolote mbele yetu, na tulilijua hilo kila mwaka aliokuwa akikaa mstari wa mbele, kimya.

Basi. Tumesimama mbele ya Kaburi la Hariri, kijana wetu katangulia ndani ya chumba cha jirani. Tukasikia anaita, "Baba! Njoo uone judad!"

Tuliingia. Chumba ni kitupu, mraba, na kina giza kidogo mpaka macho yazoee. Kuta na dari zote ni mistari. Mstari mweupe kama unga wa muhogo, juu yake mwekundu, juu yake njano ya manjano iliyopondwa, kisha wa zambarau, kisha mwembamba mweusi, kisha mweupe tena, inapinda na kurudi kama kitenge kilichokunjwa. Hakuna rangi iliyopakwa na mtu. Ni jiwe lenyewe, na ukitoka nje unaikuta mistari ileile ikiendelea kwenye mwamba ambao hakuna patasi iliyougusa. Mlima mmoja.

Kijana wetu aliisoma aya kwa sauti ya chini. Kisha akatutazama, kwa sababu na yeye alipita darasa letu na aliiona ile milima mitatu ya chaki. Akasema, "Baba, sisi tulikuwa tunachora vibaya."

Neno judad ni wingi wa judda, na wafasiri wamelieleza kuwa ni njia, au michirizi, kama mstari unaopita mgongoni mwa punda. Tulikuwa na tafsiri hizo kwenye kabati letu miaka yote. Hatukuwa tumezifungua kwa ajili ya swali la mtoto wa muuza samaki.

Mwongozaji mmoja wa pale, kijana wa Kibedui aliyezungumza Kiarabu cha taratibu kwa ajili yetu, alitueleza habari ya rangi zile, na baadaye tulisoma zaidi. Mwamba ni wa mchanga ulioletwa na mito zama za kale mno, wataalamu wanahesabu miaka kama milioni 500, ukagandamana mpaka ukawa jiwe. Jiwe la mchanga lina vitundu vidogo, maji hupita ndani yake yakibeba madini. Chuma kikishika kutu huacha wekundu. Chuma hichohicho kikichanganyika na maji huacha njano. Manganizi huacha zambarau na weusi. Mahali ambapo madini hayakukaa, mchanga unabaki mweupe. Mama watoto alisikiliza, akasema, "Kumbe ni udongo wetu." Kweli. Vilima vyetu vya Burundi ni vyekundu kwa kutu ya chuma vilevile. Tofauti ni kwamba kwetu mvua na migomba vimeifunika, mtu anaiona tu akichimba msingi wa nyumba au barabara ikikatwa.

Tulikaa ndani ya chumba kile muda mrefu kuliko kundi lilivyotaka. Kiongozi wa msafara alikuja mara mbili kutuita.

Mama mkwe hakufika huko juu kwenye ngazi. Tulimkuta chini, kwenye hema la mwanamke wa Kibedui, anakunywa chai ya majani ya mramia. Wageni msimu ule walikuwa wachache sana kwa sababu ya vita vya jirani. Wavulana wenye punda, ambao huita kila mtu "teksi, teksi", walikuwa wamekaa jua likiwapiga, hawana wa kumbeba. Yule mwanamke alimwambia mama mkwe, kwa tafsiri ya kijana wetu, kwamba alizaliwa ndani ya pango moja la bonde lile, na kwamba serikali iliwahamishia watu wa kabila lake kwenye kijiji cha juu mwaka 1985. Mama mkwe alimwuliza Al-Quds iko upande gani. Mwanamke akanyoosha mkono kaskazini, juu ya mwamba. Mama mkwe akageuza kiti, akakaa akitazama upande ule. Chai yake ikapoa. Hakuna aliyemsemesha.

Adhuhuri huko mwezi Februari huingia saa saba kasoro. Tulichagua mahali pa mchanga mbali na makaburi, tukatandika mikeka, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, maana sote tulikuwa wasafiri. Kibla huko ni kusini, kikiegemea mashariki kidogo, kama tulivyozoea Madina, na kinyume cha kwetu ambako tunatazama kaskazini. Wale wavulana wa punda walijiunga nasi kwenye safu. Mmoja wao alikuwa na sauti nzuri ya iqama.

Kuna habari moja ya mahali pale inayotuchekesha na kutufikirisha, acheni tuieleze ingawa inatutoa njiani. Mwaka 1812 Mswisi mmoja, Johann Ludwig Burckhardt, alitaka kuuona mji huu ambao watu wa Ulaya walikuwa wameusahau. Alivaa kama Mwislamu na kujiita Sheikh Ibrahim, akawaambia wenyeji kuwa ameweka nadhiri ya kuchinja mbuzi kwa ajili ya Nabii Harun (A.S.), ambaye kaburi lake linasemekana liko juu ya mlima wa jirani. Kwa hiyo wakampitisha humo ndani, na mbuzi akachinjwa kweli. Miaka mitano baadaye alifariki Cairo na akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu. Mzee wa Uvira aliposikia habari hiyo aliuliza jambo moja tu: yule mbuzi, nyama yake waliila? Hatukuweza kumjibu.

Wakati wa kurudi njia inapanda kidogo, na kwa mzee ni hapo ndipo anapochoka. Zamani kulikuwa na magari ya farasi, sasa kuna vigari vya umeme vinavyopita ndani ya ufa. Mama mkwe alipanda kimoja, akatupungia bakora kama mama rais. Wenye nguvu na muda wanaweza, badala ya kurudi, kupanda ngazi zaidi ya 800 kwenda Deir, lakini hiyo si safari ya familia yenye mzee na mtoto mdogo, na sisi hatukuipanda.

Karibu na lango wanauza chupa ndogo za kioo zilizojazwa mchanga wa rangi, umepangwa kwa ustadi mpaka unatokea ngamia na vilima. Jiwe la pale haliruhusiwi kuchukuliwa. Tulimwuliza muuzaji kama rangi ni za asili. Alikuwa mkweli, akasema, "Buluu na kijani ni za dukani, nyingine ni za mlima." Tukamwomba chupa isiyo na buluu wala kijani, yenye mistari tu, bila ngamia. Alishangaa, akatujazia mwenyewe mbele yetu kwa kijiko chembamba. Mweusi hakuwa nao wa kutosha, akaweka ufito mmoja.

Tulirudi nyumbani katikati ya Shaabani. Kazi ya kwanza ilikuwa ubao. Tulifuta milima mitatu, tukachora mmoja, na watoto wakagombania nani atachora mstari wa mkaa. Kazi ya pili ilituchukua wiki mbili, kwa sababu kila tulipofika mtaa anaokaa yule mwanafunzi wetu tuliona haya tukapita.

Mwishowe mama watoto alisema tutakwenda pamoja. Tulimkuta anachambua mchele uani, mtoto wake wa kike wa miaka mitano pembeni. Alituletea viti, akaingia ndani kutafuta mtandio, akatoka na juisi ya maracuja. Tukamweleza. Tukamkumbusha mwaka, swali lake, kicheko cha darasa, na kusimama nje. Tukamwomba atusamehe. Tukampa ile chupa.

Aliigeuza geuza mkononi. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, "Ustadhi, mimi hilo silikumbuki."

Tukamwuliza: hata kidogo?

"Nakumbuka ile siku uliyonichapa kwa kuchelewa," alisema, "na nilikuwa nimetumwa dawa ya mama."

Hiyo sisi hatukuikumbuka. Tulikaa pale na glasi mkononi, tukatafuta siku hiyo katika miaka yote, hatukuipata. Tukaomba msamaha na kwa hiyo pia. Akasema ameshasamehe zamani, na kwamba atamleta binti yake madrasa Jumamosi, Inshaallah, kama nafasi ipo.

Mtoto alikuwa ameichukua chupa na anaitikisa kwa nguvu zote mbili, mama yake akimkataza. Mchanga umeshindiliwa sana, haukusogea. Akasimama mbele yetu, akainua chupa juani, akauliza kwa nini haichanganyiki.